Safu ya Tano

Fomu zimeletwa kutoka Wete, zimelowa pembeni.
Safu nne, zimepigwa chapa:
jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu,
nyumba (tia vema kama imeanguka),
mifugo.
Nimekalia ndoo iliyopinduliwa
katika darasa la tatu, mbingu ndiyo paa,
kalamu moja, na foleni inafika kisimani.

"Mize Faki."
Watu?
"Saba. La, andika wanane,
binti yangu hamalizi wiki hii."
Nyumba?
Anacheka. Ananyoosha kidole kule migombani
ulikosimama mlango wake, mlango mtupu, bila ukuta,
umefungwa kwa kufuli,
na ufunguo anao shingoni.
Mifugo?
"Kuna mbuzi karudi mwenyewe. Usimwandike,
watasema tunacho."

Usiku ule siusimulii, kila mtu ana wake.
Najua tu kwamba upepo ulikuja mara mbili:
wa kwanza ukatoka baharini, ukapiga, ukanyamaza
kama mtu anayetega sikio,
nasi tukatoka nje kuitana majina.
Wa pili ukarudi kwa upande wa bara,
ukatukuta milango wazi.

Redio inatusema kwa kilomita, kwa saa.
Jina la Msuka inalivuta pale tusipolivuta.

Shaame kafungua betri ya pikipiki yake,
simu zimepangwa juu ya dawati kama wagonjwa.
Mtandao uliporudi, zote kumi na tisa
ziliangua kilio kwa pamoja:
Mko hai? Mko hai? Jibuni basi.
Tanga, Mombasa, Maskati,
na mtu mmoja wa Songea aliyekosea namba.
Tulimjibu naye: tuko hai,
ila watu wako hatuwajui.
Akatutumia elfu tano.

Kisha yakashuka marobota.
Makoti ya baridi, viatu vya mguu wa kushoto,
shela la bibi harusi ambalo Bi Riziki
kafunikia chungu, nzi wasitue.
Watoto wakayavaa makoti juani, wakacheza wazungu
mpaka jasho likawavua.
Mheshimiwa naye alikuja, akapigwa picha na gunia;
tukapiga makofi, kwani mchele ni mchele.

Lakini wa mwanzo kufika hawakuwa na gari.
Ni watu wa Tumbe, kwa miguu, juu ya miti iliyolala,
na kwao pia mabati yameruka,
wamebeba sufuria la uji limefungwa kanga,
bado lina moto.

Jioni akaja Time Shaame, vidole vimechanika kwa chumvi.
Nyumba?
"Imesimama."
Mifugo?
"Sina, sijapata kuwa nayo."
Sasa nikuandike wapi, dada?
"Kamba zangu. Mia na ishirini, na vigingi vyake.
Mwani ulikuwa wa kuvunwa Jumatatu.
Ile bahari nenda kaitazame ilivyotulia,
utadhani si yeye aliyekula."

Nikachukua kiberiti, nikaegemeza kalamu ubavuni mwake,
nikapiga mstari. Ukaenda upogo.
Juu yake nikaandika: *mengineyo*.
Na chini: *mwani*.

Habari ikatembea foleni nzima. Walioondoka wakarudi.
Cherehani. Msahafu wa babu, wenye hati ya mkono wake.
Mikarafuu kumi na mmoja aliyoipanda mama.
Kaburi, haliko, mchanga umehama nalo.
"Usingizi," akasema kijana mmoja,
watu wakacheka, nami nikaandika.

Siku ya pili karani wa Wete akanipigia.
Mwalimu, hii safu ya tano haimo kwenye kompyuta.
Iongeze.
Haiongezeki.
Basi isome tu, kwa sauti, nisikie.

Akaguna. Akaanza kusoma, mbiombio,
kama anayesoma bei za sokoni.
Ukurasa wa pili akasita,
nikasikia kiti kikisogea,
akaniuliza
hiyo mikarafuu kumi na mmoja
ilikuwa upande gani wa njia.