Nyuzi Thelathini na Nane

Bwawani kwetu Akureyri kuna mabirika matatu ya maji moto,
namba zimechorwa ukutani kwa rangi ya buluu:
thelathini na nane, arobaini, arobaini na mbili.
Tangu Krismasi namba hizo si za joto tena.
Walioipenda riwaya hukaa thelathini na nane.
Walioichukia hujichemsha kwenye arobaini na mbili,
wekundu kama kamba wa sufuriani, na hawahami.
La katikati amebaki mtoto mmoja na mpira wake.

Mimi ni mlinzi wa bwawa. Kazi yangu ni kuhesabu vichwa.
Theluji inawatua utosini, nao hawaipangusi,
maana mikono iko hewani, inabishana.

Kila nyumba ina riwaya hiyo. Nyumba nyingine zina tatu,
zawadi zilizogongana mkesha wa sikukuu.
Kurasa mia nne na kumi za mke wa mtunza mnara wa taa,
kisha, peke yake chini ya ukurasa:
*Asubuhi mlango ulikuwa wazi.*
Basi. Karatasi nyeupe, na jina la mpiga chapa.

"Ameondoka," asema Brynjar, fundi wa meno,
"kawaacha watoto watatu na jiko limezimika,
na mwandishi kaogopa kutuambia."
"Amerudi," Solrun amjibu, sauti ikivuka mvuke.
"Anayeondoka hufunga mlango nyuma yake.
Huuacha wazi anayeingia na mzigo mikononi."
"Mzigo gani?"
"Soma."
"Nimesoma mara mbili!"
"Basi soma kama mtu ambaye hakudai chenji."

Hallbera, aliyegawa barua za mji huu miaka arobaini,
ana shtaka lake: kurasa tisini za ukungu.
"Ukungu nimepewa bure tangu nizaliwe.
Kwa nini niulipie dukani?"
Hapo hata thelathini na nane walicheka,
Solrun akazama mpaka puani asionekane.

Ketill alikiri kwamba alianzia mwisho.
Walimzomea pande zote mbili.
Ndiyo mara pekee walipokubaliana.

Kila mwamba ngoma, wanasema, ngozi huivutia kwake,
na kuna walionong'ona, taulo mabegani,
kuwa Brynjar alilelewa na shangazi,
ndiyo maana mlango ule unamkera.
Akawasikia. Akatoka majini, maji yakimchuruzika,
akasimama pekupeku juu ya barafu:
"Mama yangu alikufa kwa homa," akasema, "si kwa fasihi.
Kitabu ni kibovu kwa sababu ni kibovu."
Akarudi majini. Kwa muda ilisikika pampu tu.

Jana, saa ya kufunga, Hallbera alibaki peke yake.
Alikuwa amehamia birika la katikati,
mpira wa mtoto ukimgonga bega, ukirudi, ukimgonga.
"Na wewe?" akaniuliza. "Uko wapi?"
Nikamwambia kazi hainiruhusu.
"Uongo wa mlinzi," akasema, akanyoosha mkono nimvute.

Uongo, ndiyo. Ninayo nakala, ile ya Ketill,
iliyomponyoka Januari ikazama mpaka kwenye vigae.
Niliiopoa kwa wavu wa majani,
nikaikausha juu ya bomba kibandani mwangu.
Imevimba kama mkate uliozidi hamira,
na karatasi mbili za mwisho zimegandamana.

Kwangu riwaya inakomea mezani:
mwanamke anafumua soksi ya mtoto aanze upya,
kidoleni uzi wa kijivu,
taa ya mnara inapita ukutani, inapita tena.

Sentensi ile naijua, nani asiyeijua,
naipigiwa kelele kila jioni kutoka mabirika mawili.
Kisu kidogo kipo kwenye droo, cha kumenyea machungwa.
Ningeweza kukipenyeza taratibu pembeni.
Nazima taa za bwawa, moja, ya pili.
Nahesabu vichwa: hakuna.
Nafungua kitabu pale anapofumua.