Vikopo Tisa

Theluji ya Aprili bado imekaa juu ya paa la kibanda cha kuni,
na dirisha langu lina nafasi ya vikopo tisa.
Miche iko thelathini na minne.

Ni nyanya za nyanya yangu, Skaidrite,
aliyeandika kwenye bahasha kwa penseli:
"Nyekundu. Tamu. Ya karibu na kisima."
Basi. Hakutaja aina wala mwaka,
na nyuki wa ng'ambo ya mto Gauja
hawakuisoma bahasha.

Sasa imeota, na kila mmoja una lake.
Huu una majani matatu ya utotoni badala ya mawili.
Huu jani lake halina meno, pana, kama la kiazi.
Huu shina lake halikupata zambarau hata tone,
kijani kitupu, kama uliozaliwa bila damu.
Ule wa pembeni una madoa,
utadhani mtu alikuwa akipaka ukuta chokaa
akaurushia.

Na mmoja mweupe pepepe.
Huo naujua: hauna kijani cha kujilisha,
unakula akiba ya mbegu, ikiisha nao umekwisha.
Siku tano niliuacha. Siku ya sita ukalala wenyewe.
Siwezi kusema nilichagua.

Kaka yangu Gundars kasimama mlangoni na buti za matope:
"Weka iliyonyooka. Utakula nyanya, au utakula maajabu?"
Hakukosea. Ana watoto wanne na meza sokoni kila Jumamosi.

Nimeshika mkasi wa kucha.
Nakata, sing'oi: mizizi imeshikana huko chini,
ukivuta mmoja unamwamsha jirani.
Harufu inapanda vidoleni, ile kali, ya kijani,
iliyokaa kwenye aproni yake hata baada ya kufuliwa.

Majani matatu, baki.
La kiazi, baki.
Lisilo na damu: nimelipeleka mkasi mara mbili. Baki.
Wa madoa utachelewa, na kiangazi chetu kifupi
hakimngoji mtu.
Baki hivyo hivyo. Nitakula maajabu.

Vikopo vinane vimejaa.
Kwenye cha tisa nimepanda mche usio na lolote,
majani mawili, shina la kila siku,
wima kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.
Huenda ndio uliosimama karibu na kisima.
Huenda Skaidrite hakuwahi kuweka cha ajabu,
ila kilichomkolea ulimini jioni fulani.

Nimechukua penseli, nikaandika: "Sijui."
Nikafuta.
Nikaandika: "Septemba."