Swichi ya Sumaku

Mwalimu Luhwago alinipigia saa moja asubuhi,
ukungu wa Igowole bado umelalia chai.
"Fundi, nataka taa ndani ya kabati."
Nikauliza, la nguo?
Akakohoa. "La chuma."

Limesimama chumbani nyuma ya pazia la maua,
kimo cha mtu mzima, limekazwa ukutani kwa nati nne,
kazi ya mchomeleaji wa Mafinga
aliyeandika ubavuni kwa chaki: MWL. BADO ELFU TISINI.
"Nilishamlipa," alisema kabla sijauliza.

Akageuza funguo akinipa mgongo.
Ndani, weusi.
Weusi wa chini ya sufuria.
Harufu ya mafuta ya cherehani,
na soksi ya marehemu mumewe iliyojazwa mchele, inyonye unyevu,
maana Juni huku hata ukuta hutoka jasho la baridi
na chuma ukikisahau wiki moja kinaota ukurutu.
Bunduki sikuiona. Niliona pale giza lilipozidi.

Akaitoa, akaikunja katikati,
akaielekeza dirishani nichungulie:
mitutu miwili mitupu, na mwisho wa kila mmoja
kipande cha ukungu, duara, kama shilingi.
Kisha akailaza kitandani, akaifunika blanketi.

"Usitoboe."
Sikuwa na haja. Ukanda wa taa una gundi mgongoni,
betri inakaa rafu ya juu, ya Tanesco hatuyahitaji;
sumaku moja mlangoni, mwenzake kwenye fremu.
Zikiachana, inawaka. Zikikutana, inazima.
Nilikuwa na rangi mbili. Ya bluu aliirudisha mfukoni mwangu:
"Mimi sifungui baa."

Alinimulikia tochi huku akieleza,
sauti ileile ya kuita mahudhurio.
Jumanne usiku umeme ulikatika.
Nguruwe pori wako kwenye viazi, anawasikia wanavyotafuna,
simu ameiuma kwa meno impe mwanga,
mkono mmoja kwenye kitasa, wa pili unapapasa.
Boksi likapinduka.
Risasi zikabingirika sakafuni, kila moja na njia yake.
Akaokota. Akahesabu.
Sita.
Akahesabu tena, kwa magoti.
Sita, na zilikuwa saba.
Alipoinua uso, simu ingali mdomoni,
mwanga ukamwangukia Lusungu, mjukuu, miaka mitano,
kasimama na sweta la shule juu ya miguu mitupu,
ya saba kaifumbata kama andazi la moto.
"Bibi, imekuja kwangu."

"Nguruwe walikula wakashiba," alisema Mwalimu.
"Sikutoka."

Nikabana skrubu ya mwisho. Nikavuta mlango.
Mwanga ukaruka hadi pembeni kabisa:
leseni kwenye nailoni, boksi jipya lenye kikufuli,
na nyuma ya rafu, imekunjamana,
stakabadhi ya mbolea ya mwaka juzi
aliyogombana kwa ajili yake na ushirika mzima.
Alicheka hadi akakaa kitandani,
akakumbuka kilichopo chini ya blanketi, akasimama.

Halafu akaleta swali la ualimu:
"Nikifunga, najuaje imezima?"
Nilifungua kinywa, sikuwa na jibu.
Watu wameishi na friji miaka, hawajui.

Tukaiwasha simu yake irekodi, tukaisimamisha ndani,
tukafunga. Lusungu akaja kuegemea goti la bibi yake.
Tukangoja. Tukafungua.

Kwenye kioo: weupe, sura zetu,
mstari wa mlango unakonda, unakonda,
kisha hakuna.
"Imezima," nikasema, nikanyoosha mkono kwa ujira.
Akanizuia kwa kidole.
Mle kwenye weusi kulikuwa na sauti.
Funguo, mara ya kwanza, mara ya pili.
Kikohozi changu, mbali, kama cha mtu aliyemo kisimani.
Na mtoto: "Bibi, sasa yenyewe haituoni?"

Jibu lake halikupenya. Chuma kile ni kinene.
Nilikuwapo, nilisikia, nimesahau.
Zilikuwa zimebaki sekunde kumi na moja za giza tupu,
na Mwalimu hakuizima.
Alizitazama zote.