Rafu ya Tatu

Mimi ndiye ninayepanga rafu.
Duka kubwa la Donholm, zamu ya saa kumi na moja alfajiri,
mlinzi hajamaliza uji wake.
Siku ya kwanza Bwana Wafubwa, meneja,
alipiga magoti sakafuni na suruali yake ya pasi kali:
"Jicho la mtoto wa miaka minne linafika hapa. Rafu ya tatu.
Peremende ziweke hapa.
Mama amechoka, foleni ndefu,
hana nguvu ya kukataa mara tatu."

Sijamlazimisha mtu.
Hilo nalisema mara nyingi, ingawa hakuna aliyewahi kuniuliza.
Dengu zipo. Unga wa wimbi upo.
Upo chini kabisa, ni kuinama tu,
na mgongo wa Nairobi saa kumi na mbili jioni hauinami.

Miaka sita nimewatazama.
Mkono hutangulia.
Kichwa huja nyuma kikihema, karani aliyechelewa,
kinatafuta sababu za kuandika:
bei ilikuwa nzuri, wiki hii nimefanya kazi sana.
Shilingi tisini na tisa: jicho husoma tisini,
ile tisa hubaki mlangoni kama mgeni asiye na mwaliko.

Nyumbani, Tassia, ghorofa ya nne,
navua sare najiona mjanja.
Kamba zote nazijua, nani atanifunga?
Saa nne usiku simu ikatetemeka:
Kerubo, umefuzu! Elfu nane zinakusubiri.
NDIYO ya kijani, pana kama jani la mgomba.
Labda baadaye, ya kijivu, ndogo kama chawa.
Karo ya Ongeri ilikuwa na pengo, ni kweli,
pengo la elfu mbili na mia tano.
Dole gumba likajibu kabla swali halijaisha.

Saa nane usiku ndipo kichwa kilipofika,
na kalamu, na mgongo wa risiti,
kikajumlisha kama mtu anayechambua mchele gizani:
elfu nane, na riba, na riba ya kuchelewa,
kwa wiki sita.
Nikacheka mpaka Ongeri akageuka kitandani.
Mtoto wa miaka minne nilikuwa mimi.

Lakini nisiwe mwongo.
Mwezi wa tatu zahanati iliniandikia:
Kerubo, nafasi yako ya Alhamisi saa tatu tumekuhifadhia.
Sikuwa nimeomba nafasi.
Kipimo kile nilikikwepa miaka miwili,
kila siku na sababu yake.
Neno "yako" likanishika kiwiko.
Nikakiona kiti kitupu chenye jina langu,
nikaona haya kukiacha.
Walikikuta kivimbe kingali punje ya njegere.

Aliyenisukuma kule ni nani, kama si pacha
wa yule aliyenisukuma usiku?
Wote wawili walipiga magoti kwanza,
wakapima jicho langu linafika wapi.

Jumatatu, kaunta ya tano, nilihamisha.
Ndizi rafu ya tatu, peremende juu, karibu na betri.
Hakuna aliyegundua. Kufika saa saba ndizi zimekwisha.
Nilifurahi, kisha furaha ikanikwama kooni:
hawa nao sikuwauliza.

Jioni, kaunta ya pili, ambako sikugusa kitu,
mwanamke mwenye kitambaa cha buluu
alimwona mtoto wake akinyosha mkono.
Hakuukamata. Hakukemea.
Alichutama, sukumawiki zikimwagika begani,
akamwuliza kwa sauti ya kawaida:
"Unaitaka, au umeiona tu?"

Mtoto akanyamaza, mdomo wazi.
Foleni ikaguna. Mtu akatazama saa.
Keshia akagonga kaunta kwa kucha, mara mbili, mara tatu.
Mtoto bado alikuwa anafikiri.