Bomba la Baridi

Al-Khoudh, Julai, saa kumi na moja alfajiri,
na bomba la baridi linatoa maji ya moto.
Tangi liko juu ya paa; jua la jana halijatoka ndani yake.
Majirani hulalamika. Mimi nakinga birika:
nusu ya kazi paa limekwisha kuifanya.

Birika lenyewe si dele,
wala si dalla ya mama mkwe, yenye mdomo wa ndege
na iliki inayokufikia kabla hujavua viatu.
Ni la alumini, pembe nane, kiuno chembamba.
Nililinunua riyali mbili kwa Kuriakose, fundi wa lifti,
aliyekuwa akirejea kwao Kerala moja kwa moja,
pamoja na pasi na kiti kilichopungua mguu.
"Mpira wake umekufa," aliniambia. Mwaminifu.
Nikaizunguka Ruwi nzima kutafuta duara la mpira
lisilozidi kikuku cha mtoto.

Wiki tatu nilikunywa majivu.
Nilishindilia unga kama mtu anayeziba ufa,
nikawasha moto wote, nikaenda kupiga pasi kanzu.
Nikirudi, limetapika jiko zima.

Ndipo akaja shangazi Shinuna kutoka Ibra
kungoja zamu yake ya kutolewa mtoto wa jicho.
Haoni mvuke. Haoni rangi.
Akavuta kile kiti cha miguu mitatu hadi jikoni,
akakiegemeza ukutani, akakaa.
"Nyamaza. Na hicho kiyoyozi kizime."

Tukatota jasho, tukasikiliza.

Maji yaishie chini ya vali, yasiizibe.
Unga ujae chujio, usawazishwe kwa kidole, usikandwe.
"Hujengi ukuta, mwanangu. Maji yana safari."
Kaza kwa kitambaa, maana chini kunaunguza.
Moto mdogo. Mdogo kuliko huo. Punguza,
hadi ndimi za buluu zijifiche chini ya kitako.
Kifuniko wazi.

Kwanza kimya.
Kisha kitu kama mtu anayekohoa chumba cha pili
ili ajulikane kuwa yu macho.
Kisha ikapanda, nzito, rangi ya asali ya tende,
ikateleza ubavuni mwa mnara wake bila kelele.
"Wasema mpanda ngazi hushuka," nikatania.
"Hii haishuki," akajibu. "Ikishapanda, ilikotoka pamekauka."
Alipandishwa meli Unguja akiwa na miaka tisa.
Sikuongeza neno.

Sauti ikageuka: povu, kwikwi, mate.
"Sasa! Ipoze, isije ikaungua!"
Nikalikimbiza birika chini ya bomba,
bomba la baridi, Al-Khoudh, Julai:
maji ya moto juu ya chuma cha moto.
Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka.

Tangu siku ile kitambaa kibichi hulala kwenye friza
kati ya mbaazi na papa, kigumu kama ubao.
Nakifunga kiunoni mwa birika,
linapiga ukelele mfupi, linatulia.
Namimina vikombe viwili visivyo na mkono, kimoja kwa mazoea.
Tende ya fardhi kwanza, halafu funda.
Ni chungu, ndiyo, lakini uchungu unaokwisha vizuri,
kama ugomvi wa ndugu.
Birika nalisuuza kwa maji matupu;
sabuni ni ya sufuria.

Jicho lake moja sasa linaona. Amerudi Ibra.
Ijumaa hupiga simu nami naiweka kando ya moto,
sauti juu, kiyoyozi kimezimwa.
Hatuzungumzi.
Leo ilipoanza kukohoa hakungoja ipande.
"Umeshindilia unga," alisema.

Na kweli.
Nilikuwa na haraka, nikaugusa kidogo tu,
kwa kijiko.