Thamani Siku ya Kufa

Yorkton, Saskatchewan, mwezi wa pili.
Nje ni thelathini chini ya sifuri,
pua inaganda kabla hujamaliza kuvuta pumzi.
Ndani, juu ya meza ya mama,
fomu, kurasa kumi na moja.

Wasia tuliukuta kwenye bati la biskuti
chini ya vifungo na sindano.
Umetiwa sahihi, una mashahidi wawili,
mmoja naye keshafariki.
Nilidhani karatasi ile ni ufunguo.
Wakili Petryshyn akavua miwani:
“Hili ni ombi tu, Lesia. Mama amekuteua.
Mahakama bado haikujui.”

Basi nikaanza kujulikana.
Nikaapa kwamba mimi ni mimi
na aliyekufa amekufa.
Cheti cha kifo, nakala nane, kila mlango unataka yake:
benki, bima, pensheni, ardhi,
hata kampuni ya simu, iliyonijibu kwa upole
kwamba ingependa kuongea na mwenye akaunti.

Kisha orodha ya mali.
Fomu inataka thamani siku ya kufa.
Ekari mia na sitini za ngano, sawa, mthamini yupo.
Trekta ya mwaka wa sabini na tisa: bei ya chuma chakavu.
Samani.
Nikaandika samani, nikasikia thamani,
nikasita, kalamu hewani.
Kochi alilofia baba, dola kumi na tano.
Na friza?
Friza yenyewe hamsini.
Lakini ndani mna mifuko kumi na minne ya pirohi,
viazi na jibini, kingo zimefinywa kwa vidole vyake,
kila mfuko na mwandiko wake:
Oktoba. Oktoba. Novemba.
Alikufa tarehe tisa Desemba.
Mthamini akaandika: vyakula, hakuna thamani.

Bohdan hupiga simu kila Jumapili kutoka Kalgari.
“Bado?”
Bado.
“Unaatamia nini, yai?”
Namweleza: tangazo likae gazetini,
wadai wapewe muda wao,
kodi yake ya mwisho ijazwe, serikali ikiri kwamba haidai,
na nikigawa kabla ya hapo
deni litakalozuka nitalilipa mimi, mfukoni mwangu.
Ananyamaza kama mtu anayehesabu.
Waliosema kufa kufaana hawakutaja miezi.
Usiku, macho makavu, naona jinsi hati
inavyohitaji herufi moja tu iwe hatia.

Tangazo lilitoka Jumatano, ukurasa wa mwisho,
kati ya mbegu za kanola na mbwa aliyepotea:
yeyote anayemdai marehemu Stefania Hrynchuk ajitokeze.
Wakajitokeza. Duka la dawa, dola sitini na mbili.
Fundi wa tanuru.
Kanisa halikudai kitu, lilileta keki.
Halafu mzee Wasyl Kostiuk, theluji mabegani,
akasimama mlangoni, akakataa kuvua viatu.
“Simdai,” akasema. “Ananidai yeye.
Mayai. Mwaka wa tisini na nane, mke wangu mgonjwa.
Trei kumi na moja, na hela alizikataa.
Sasa hawezi kukataa.”
Akaiacha bahasha juu ya fomu.

Nikampigia wakili: hii naiandika wapi?
Kimya.
“Ukurasa wa tatu,” akasema hatimaye.
“Madeni anayodai marehemu.”

Barua ya mahakama ilifika mwezi wa tano,
muhuri, jina langu, neno msimamizi.
Sijui nilitarajia nini.
Nilichemsha maji, nikatoa mfuko wa Oktoba.
Wasia unasema sawa kwa sawa.
Nikala sita, nimesimama.
Sita nikazifunika kwa ajili ya Bohdan.
Mfuko ulikuwa na kumi na tatu.

Ile moja ipo hapa kwenye sahani, inapoa,
na nimesoma kurasa zote.