Bei ya Penseli

Mama alikuwa akiandika bei kwa penseli,
ukurasa wa kwanza, pembe ya juu,
4.500, na chini yake mstari,
kama mtu anayerudishia mlango wa kabati.
Mteja akinung'unika, alikaribishwa kahawa.
Bei haikukaribishwa. Bei ilikaa pale pale.

Leo Azzan, mwaka wa pili uhandisi,
kaingia duka letu hapa Al-Khodh na jasho la saa saba,
kasimama chini ya kiyoyozi ninachokilipia umeme mimi,
kafungua kamusi, kainusa (nani hanusi?),
kisha katoa simu, kaielekeza nyuma ya jalada
kama daktari anayemmulika mtoto koo.
"Huku riali tatu na mia mbili," akasema,
kwa adabu, maana ni mtoto wa watu.
"Na wanakuletea mlangoni."

Najua. Jana usiku niliichungulia mwenyewe:
saa nne ilikuwa tatu na nusu,
saa nane, watu wamelala, mbili na mia tisa.
Bei isiyo na penseli wala ufutio.
Mimi kamusi hiyo hiyo
huinunua kwa tatu na mia nne.

Nikataka kumwambia: mwanangu,
hiyo kamusi ndiyo inayoilipia pango
ile diwani pale pembeni, jalada la kijani,
miaka sita haijaguswa
ila na vumbi, na kitambaa changu.

Yuko mke wa mhandisi, Mjerumani, hupita Jumatatu.
Aliniambia kwao sheria imeipigilia bei msumari:
dukani, kwenye simu, mjini, shamba, ni ile ile.
Usiku ule nililala vizuri nikiiota nchi hiyo.
Alfajiri nikaamka na swali.
Ile riali moja na baisa mia tatu
ya kuikinga diwani na jua,
inatoka mfukoni mwa nani?
Mwa Azzan, anayehesabu posho kabla ya kuagiza chai.
Na kile kitabu kisicho karatasi,
nakala ya elfu haigharimu hata wino,
hakiazimwi, hakirithiwi,
ukiacha kulipa kinazimika kama taa,
huo msumari utaupigilia wapi?

Sikusema. Biashara haigombi.
Nikammiminia kahawa. Akanywa viwili,
akakitikisa kikombe kwamba basi,
akairudisha kamusi pahala pake, mgongo nje, sawasawa
kuliko alivyoikuta,
akanunua kalamu ya baisa mia mbili
asiyoihitaji, nadhani.

Magharibi, kabla sijashusha shata,
niliifungua ile kamusi.
4.500. Mwandiko wangu, lakini ile nne
ina mgongo wa nne ya mama.
Nikachukua ufutio, nikakaa nao.

Nilifuta mstari wa chini tu.
Namba nikaiacha.